Lango la Ndere ni boti

Kisumu ina mbuga ya kitaifa ndani ya Ziwa Victoria, na wengi wa wakazi wake hawajawahi kuikanyaga. Ni Kisiwa cha Ndere, kilomita 4.2 za mraba za nyasi, miti na mawe, kiasi cha kilomita 30 magharibi mwa jiji, karibu kabisa na ufuo wa Seme. Serikali ilikitangaza kuwa mbuga mwaka wa 1986. Kuna swala pala wanaolisha hadi karibu na maji, viboko na mamba pembezoni, kenge wanaoota jua juu ya mawe, na furukombe ambaye mlio wake husikika kabla hajaonekana. Kuna pia historia, tena ya asili ya watu wenyewe wa ufuo huu. Kila ambacho mabango ya utalii huahidi kipo, ila wageni ndio haba. Maelezo tunayopewa miaka nenda miaka rudi ni mawili: eti Mkenya wa kawaida hana mazoea ya kutembelea mbuga, na eti magharibi mwa Kenya hakujatangazwa ipasavyo. Yote mawili yanamtwika lawama asiyehusika. Ndere haitembelewi kwa sababu hakuna chombo cha abiria kinachokwenda huko kwa ratiba na nauli inayojulikana. Lango la mbuga hii si pale tikiti inapokaguliwa. Lango ni boti, na boti hilo halina mwenyewe.

Tazama safari yenyewe inavyopangwa. Tikiti ni jambo jepesi: bei yake imeandikwa, raia ana kiwango chake na mgeni ana chake, na malipo hufanywa kwa simu. Kisha msafiri anashuka kwenye bichi ya Dunga, anawapita wanaoanika omena na wanaokwangua magamba ya ngege, anamtafuta mwenye boti. Hapo hakuna bei iliyobandikwa popote. Nahodha anaitazama injini, anaitupia jicho anga ya upande wa ghuba, anapiga hesabu kimoyomoyo, na hesabu hiyo haihusu vichwa bali lita. Petroli ya kwenda Ndere na kurudi ni ile ile, awe amebeba wawili au kumi na wawili, na muda atakaosubiri kisiwani ni muda ambao hatabeba abiria mwingine. Kwa hiyo anataja bei ya boti zima, na hana kosa. Yeyote mwenye chombo angefanya vivyo hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, boti linakodiwa kwa shilingi 12,000. Abiria 12 wakichangishana, kila mmoja anatoa 1,000 na siku inakwenda vizuri. Mume na mke wakienda peke yao, kila mmoja anatoa 6,000 na pengine wanaamua kubaki nyumbani. Tofauti hiyo haihusiani na wanyama, wala na tikiti, wala na tangazo lolote la redio. Inategemea jambo moja tu: kama mtu anaweza kuwapata wenzake kumi asiowajua, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Nchi kavu tulishalitatua tatizo hili zamani, tukaliita matatu. Fikiria kila anayekwenda Kakamega angelazimika kukodi gari zima, kisha siku moja mkubwa fulani asimame jukwaani kushangaa kwa nini watu hawatembelei Kakamega.

Dai kwamba watu wa Kisumu hawajali wanyama linaweza kupimwa bila kutoka mjini. Hifadhi ya Swala ya Kisumu, ile inayojulikana na kila mtu kama Impala, ina hekta 34 tu na ilitangazwa rasmi mwaka wa 1992. Iko kwenye ukingo wa ziwa, safari fupi ya bodaboda kutoka katikati ya jiji. Ilianzishwa ili swala pala waliokuwa wamezingirwa na mji wasiishe, na baadaye ikawa makao ya wanyama wengine walioletwa kutoka kwingine. Kwa aliyezoea nyika kubwa, ni mahali padogo, na simba na chui wake wako kizimbani. Hata hivyo mabasi ya shule hujipanga pale langoni, na Jumapili familia huja zikiwa bado na nguo za ibada, watoto wakibishana nani amuone simba kwanza. Nzohe, yule swala wa matete ambaye wengi wetu tungekufa bila kumjua, amefahamika kwa watoto wa Kisumu kupitia eneo hilo dogo. Swala pala wa Impala na swala pala wa Ndere ni wa aina moja. Wale wa kwanza hufikiwa kwa nauli ya bodaboda, wa pili kwa gharama ya kukodi chombo kizima, na wingi wa wageni umefuata nauli. Nenda hata Hell's Gate, karibu na Naivasha, mbuga iliyoanzishwa mwaka wa 1984 ambako mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Vijana wa Nairobi huijaza wikendi. Hawakufundishwa kwanza utamaduni wa kutembelea mbuga. Walikuta barabara na matatu, wakaenda.

Jirani zetu wa upande wa kusini wametuonyesha jambo hili kwenye ziwa hili hili. Mwanza ina kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyeishi na kulima huko zamani. Mwaka wa 1964 palifanywa bustani ya wanyama, na mwaka wa 2013 pakawa hifadhi ya taifa, miongoni mwa zilizo ndogo kabisa Tanzania, eneo lake likiwa kilomita za mraba mbili na ushei, nusu tu ya Ndere. Kwa ukubwa na kwa wingi wa wanyama, Saanane haina cha kuitambia Ndere. Ina kitu kimoja: boti la kumvusha mgeni kutoka Capri Point, ukingoni mwa jiji, kwa dakika chache, na mgeni hupanga safari yake na hifadhi yenyewe badala ya kuanza kutafuta chombo ufuoni. Wapo watakaosema Saanane iko pua na mdomo na jiji ilhali Ndere iko mbali. Ni kweli, na nitarudi kwenye umbali huo, kwa sababu hesabu yake si ile inayodhaniwa. Kwa sasa tuchukue mfano wa mbali zaidi. Kisiwa cha Robben, alikofungwa Nelson Mandela kwa miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, kiko baharini mbele ya Cape Town, na bahari ile ni baridi na kali. Anayekata tikiti ya makumbusho ya kisiwa hicho anakuwa amekata tikiti ya feri ya kwenda na kurudi pamoja na ya mwongozaji. Waliopanga walielewa kwamba kumuuzia mtu kiingilio cha kisiwa bila kumuuzia njia ya kufika ni kama kumuuzia ugali bila mboga, tena kwa kumwambia mboga ataipata njiani.

Kwa nini basi sisi hatujafanya hivyo? Jibu liko kwenye Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale majukumu yalipogawanywa. Ulinzi wa wanyamapori ulibaki kwa serikali ya kitaifa, ndiyo maana Ndere iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Feri na bandari ndogo, pamoja na utalii wa ndani ya kaunti, zilikwenda kwa kaunti. Kwa lugha nyepesi, kisiwa ni cha Nairobi na maji ya kukifikia ni ya Kisumu. KWS hukusanya kiingilio, na kwa kuwa kiingilio hakigawanywi, kaunti haioni shilingi yoyote ya moja kwa moja hata boti likijaa. Kaunti ingeweza kuanzisha usafiri, lakini kila abiria itakayemvusha ataingiza fedha kwenye mfuko wa mwingine. KWS nayo ingeweza kununua chombo, lakini kazi yake kisheria ni wanyama, na maombi yake ya fedha hushindana na doria za tembo kule Tsavo. Hakuna aliyekosea kwa namna ya kumfikisha mahakamani. Kila mmoja amefanya lake, na msafiri amebaki Dunga akibembeleza bei.

Inachekesha kidogo, maana mji huu ulizaliwa na vyombo vya majini. Reli ilipofika mwaka wa 1901 pakiitwa Port Florence, haikuwa imekuja kwa ajili ya Kisumu. Ilikuwa imekuja kwa ajili ya meli zitakazobeba mizigo hadi Uganda. Meli iliyoitwa William Mackinnon, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, iliunganishwa hapa, zikafuata nyingine, na kwa miongo mingi mtu aliweza kupanda meli Kisumu akashuka Homa Bay, Mwanza, Bukoba au Port Bell kama anavyopanda basi leo. Mji wa namna hiyo umefikaje mahali ambapo kilomita 30 za maji zinaonekana kama safari ya kwenda ng'ambo? Meli zilichakaa, barabara zikaboreshwa, na polepole Kisumu ikaligeuzia ziwa kisogo. Leo ziwa kwa wengi wetu ni mahali pa kula samaki huku tukitazama machweo.

Tunachokosa kwa kugeuka huko ni zaidi ya swala. Ndere kwa Dholuo ni mahali pa kukutania, na masimulizi yaliyomo kwenye maelezo rasmi ya mbuga yanasema Kit Mikayi, bibi wa kale wa Wajaluo, alipumzika karibu na hapa baada ya safari ndefu kutoka bonde la Nile, mahali pakampendeza, watu wake wakabaki. Sasa panda matatu ya Bondo kutoka Kisumu, ipite Kisian pale barabara ya Busia inapoachana nayo, na baada ya muda utaliona rundo la majabali makubwa yaliyobebana kama yaliyopangwa na mkono wa mtu. Hapo nako panaitwa Kit Mikayi. Wenyeji watakueleza kwamba maana yake ni jiwe la mke wa kwanza: palikuwa na mzee aliyependa sana kukaa kwenye pango la majabali hayo, mkewe akawa anampelekea chakula huko, na watu wakimuuliza mama huyo mumewe yuko wapi, anajibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake. Hadithi mbili, jina moja, ufuo mmoja, na kit ni jiwe. Ni vigumu kidogo jiwe kutembea kutoka bonde la Nile. Huenda jina la mtu na jina la mahali yalichanganywa na mwandishi wa vijitabu, huenda masimulizi yote mawili yana mizizi ya kale kuliko tunavyodhani. Mtoto wa darasa la saba akiona kisiwa asubuhi na majabali mchana ataliuliza swali hilo mwenyewe, na akiliuliza atakuwa ameanza kusoma historia kwa namna ambayo ubao hauwezi kumfundisha.

Na Ndere ni mlango tu wa visiwa vingine. Rusinga ndiko Mary Leakey alikofukua mwaka wa 1948 fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya masokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita, na ndiko alikozikwa Tom Mboya baada ya kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mfangano ina michoro ya miambani pale Mawanga na Kwitone, miduara myekundu na myeupe iliyochorwa na watu waliotangulia wote wanaoishi huko sasa, na ina makumbusho ya jamii ya Abasuba, watu ambao lugha yao imemezwa na Dholuo hadi wengi wa wazungumzaji wake ni wazee. Takawiri ina mchanga mweupe ambao mtu wa Diani asingeuonea haya. Mageta na Saiyusi, ambazo leo tunazijua kwa uvuvi, zilikuwa kambi za kuwafungia waliotuhumiwa kuwa Mau Mau wakati wa hali ya hatari; historia ya Mlima Kenya na Nairobi ina sura nzima iliyoandikwa kwenye maji yetu na hatuisomi. Sisemi boti moja litavifungua visiwa vyote hivi. Nasema tukishindwa na kile kilicho karibu zaidi, hivyo vya mbali tuviache kwenye kalenda.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni usalama. Ziwa hili limezika wengi. Mwezi Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Mwezi Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kutia nanga kisiwani Ukara, zaidi ya watu 220 wakapotea, wengi wao wakiwa wametoka gulioni. Kwetu pia haupiti mwaka bila mashua kupinduka. Mzazi anayekataa kumruhusu mtoto apande boti hana woga wa kijinga. Lakini hebu tuangalie hofu hiyo inaelekeza wapi. Kilichoua kwenye misiba mingi ni kujaza kupita kiasi, chombo kisichokaguliwa, na abiria asiyeandikwa popote. Hizo ndizo sifa za usafiri wa kuokoteza, ule ule tunaouacha uendelee kwa kutoanzisha wa ratiba. Inueni macho mwone Mbita na Luanda Kotieno: watu na magari huvuka mdomo wa ghuba kila siku kwa feri, abiria hukata tikiti na kuvaa jaketi okozi, na wala hatulioni hilo kuwa ushujaa. Kuna pia jambo la upepo ambalo kila mvuvi analijua. Asubuhi Ghuba ya Winam huwa shwari. Kuanzia alasiri upepo wa ziwa huingia kwa nguvu, mara nyingi ukiandamana na mvua ya radi. Boti la ratiba linaloondoka saa mbili asubuhi na kuwarudisha watu kabla ya saa nane linaendana na ziwa. Anayekodi hupewa boti lilipopatikana, huenda saa tano, hurudi saa kumi na moja. Kwa hiyo anayeogopa ziwa, na awe wa kwanza kudai ratiba.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa mazingira, na nalisikiliza kwa heshima. Kisiwa cha kilomita nne za mraba hakiwezi kubeba umati. Chupa za plastiki zitafuata, nyasi zitakanyagwa, na fundichuma aliyejenga lile gunia lake la vijiti juu ya mti atahama. Ni hoja ya kweli kwa mbuga yoyote, ila kisiwa kina faida ambayo mbuga za nchi kavu zinaililia: kina mlango mmoja. Tsavo huwezi kuwahesabu wanaoingia kwa njia za panya. Ndere kila kichwa kitashuka kwenye boti. Wataalamu wakisema kisiwa kinabeba watu 60 kwa siku, unauza viti 60 na unafunga daftari. Kila mfuko na kila chupa vinaweza kukaguliwa kabla ya kupanda. Kukaa bila wageni pia si ulinzi, kwa sababu mahali pasipoonwa ndipo nyavu haramu huvutwa na mitego hutegwa bila shahidi. Isitoshe, swala pala wasio na simba wala chui wa kuwapunguza huzaana mpaka nyasi zinawashinda, na kazi ya kuwahamisha inahitaji fedha na macho. Mbuga ambayo hakuna anayeijua hupata vyote viwili mwisho wa foleni.

Kuhusu wanaosema hakuna cha kuona kwa kuwa hakuna simba, sitakaa sana. Kukosekana kwa simba ndiko kunakomruhusu mtu atembee kwa miguu kisiwani, asimame, ainame kutazama nyayo za swala kwenye tope, jambo ambalo Maasai Mara atashikiliwa mkono akilijaribu. Anayetaka simba wa karibu ana Impala. Anayetaka korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa rangi mbili aliyesalia Kenya katika bonde la Lambwe peke yake, ana Ruma, mbuga iliyopona kwa sababu mbung'o waliwafukuza wakulima. Ndere haishindani na hizo.

Pingamizi la mwisho ni fedha, nalo huja na suluhisho lake mkononi: mpeni mwekezaji ajenge hoteli ya kifahari, ataleta boti lake mwenyewe. Tumeshaiona njia hiyo. Kambi za kitalii za Rusinga na Mfangano zilijengwa kwa wageni wanaotua kwa ndege ndogo kutoka Mara, wakavua sangara, ambaye sisi tunamwita mbuta, wakalala siku mbili, wakarudi. Hakuna ubaya, na vijana kadhaa walipata ajira. Lakini mtoto wa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu hakupata njia ya kufika huko, na boti la hoteli haliwezi kuitwa usafiri wa umma hata likipakwa rangi ya bendera. Na hapa ndipo ule umbali wa kilomita 30 unapojieleza. Hizo ni kilomita za kutoka Kisumu kwa maji, ambazo ndizo zinazokula petroli. Ukienda kwa barabara ya Bondo hadi Seme, kisha ukavuka kutoka ufuo unaokikabili kisiwa, sehemu ya maji inakuwa fupi sana. Matatu inafanya kazi ya kilomita nyingi kwa nauli ambayo mwanafunzi anaimudu, boti linafanya kazi ya dakika chache, na njiani mtu anapita Kit Mikayi. Usalama nao unaongezeka, kwa sababu kivuko kifupi karibu na nchi kavu si sawa na saa nzima katikati ya ghuba.

Waendeshaji wapo tayari. Kanuni za uvuvi za mwaka wa 2007 ziliunda kamati za usimamizi wa bichi, zenye wanachama wanaojulikana, vyombo vinavyosajiliwa na viongozi waliochaguliwa. Wavuvi wa Seme wanaishi kandokando ya mbuga hii, viboko wake huwaharibia nyavu na mashamba, na hadi leo hawajaonja faida yake. Wakipewa haki ya kuvusha abiria kwa zamu, Jumamosi, Jumapili na siku za shule, kwa maboti yaliyokaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, samaki nao watapata siku ya kupumua. Tikiti iwe moja, inayonunuliwa kwa simu ile ile, na igawanywe sehemu tatu: ya KWS, ya kaunti na ya bichi. Gati lisiwe la zege. Mei 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa ziwani humu, yakameza bichi na majengo ya ukingoni kote katika ghuba, na aliyekuwa amejenga kwa kiburi cha saruji alilia. Gati linaloelea lingepanda na maji na kushuka nayo. Kuwe pia na mahali pa pili pa kushukia, kwa sababu gugumaji husukumwa na upepo na linaweza kuziba upande mmoja wa ghuba usiku mmoja, likahamia mwingine wiki ijayo.

Gharama ya haya yote haifiki hata karibu na ya barabara moja ya mtaani. Kinachohitajika kwanza ni makubaliano ya maandishi kati ya ofisi mbili ambazo zote ziko Kisumu, zinazoweza kutembeleana kwa tuktuk. Gavana na mkuu wa ofisi ya KWS ya Kisumu wakae wayaandike kabla ya likizo ya Agosti, nauli ibandikwe ubaoni, na walimu wakuu wa Seme, Kisumu Mashariki na Nyando wapelekewe ratiba. Kwa sasa, mtu aliyeketi popote Kisumu anaweza kununua tikiti ya Ndere kwa simu yake kwa dakika moja, na hakuna mahali popote jijini anapoweza kununua kiti cha kumfikisha huko.